Ufunguo kwa Mikono Miwili

Mjukuu wangu Sekela,

Huku Mbozi hatujambo, kahawa imeiva. Umeuliza kama nililia nilipofukuzwa kwenye chumba changu cha cherehani Tunduma. Nililia, kisha nikamshtaki mwenye nyumba kwenye baraza la ardhi na nyumba.

Alinitoa akidai mwanawe anaoa, atahamia humo. Kumbe alimpangisha mtu mwingine! Mwenyekiti wa baraza akamuuliza, "Bibi harusi yuko wapi?" Baraza likaamuru nirudishiwe chumba.

Mlangoni, mwenye nyumba akaninyooshea ufunguo kwa mkono mmoja, kama anamtuma mtoto dukani. Sikuupokea.

"Mzee, kwetu tunapeana hivi," nikasema, nikikinga viganja vyote viwili.

Majirani walikuwa wanatazama. Akaushika kwa mikono miwili, akainama kidogo. "Karibu, mama."

Nakukumbatia kwa mikono hiyohiyo,
Bibi yako