Ukurasa wa Kikapu cha Shingo

Ofisi ya Wasusi,
Burumba, Busia.
14 Novemba 1999

Kwako dada yangu Wilkista,

Nakusalimu sana, mimi mdogo wako. Natumaini barua hii itawakuta wewe, shemeji Onyuka na watoto mkiwa wazima huko Tororo, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa mvua kimepona. Sisi huku hatujambo. Mama yuko nyumbani kwetu Port Victoria. Magoti yanamuuma kidogo, lakini bado anaenda kanisani kwa miguu. Boda boda anaikataa, anasema hajafikia kubebwa kama gunia la omena.

Najua utashangaa kupata barua ndefu kutoka kwangu, mimi ambaye huwa naandika mistari mitano na kuomba samahani kwa haraka. Keti uisome polepole. Habari nyingi ni njema. Iliyo nzito nimeiweka mwisho, si kwa kuwa ni ndogo, bali kwa kuwa mkono wangu unaiogopa.

Kama ulivyosikia kwa Mama, mimi ndiye karani wa kikundi cha akina mama wasusi hapa Burumba. Mwaka jana tuliletewa kompyuta, na bwana mmoja mwenye ofisi Kisumu, anaitwa Ekisa, akatutengenezea websaiti. Hiyo, dada, ni kama kitabu kinachosomwa kwenye kompyuta popote duniani. Mtu aliye Ulaya anakifungua na kuona vikapu vyetu vya mafunjo. Tulipiga vigelegele, tukakaa kungoja wanunuzi. Miezi saba ikapita, hakuna aliyeuliza hata bei ya mkeka.

Mwezi wa nne nikaenda Kisumu kumuuliza Ekisa kuna nini. Aliniketisha mbele ya kompyuta, akanieleza kwamba watu hawajui anwani yetu. Wao huandika maneno ya kitu wanachotaka, na kuna mtambo unaowatafutia na kuwapangia majibu, la kwanza mpaka la mwisho. Akaandika kwa Kiingereza, vikapu vya mafunjo kutoka Kenya. Tukafungua majibu ukurasa kwa ukurasa mpaka macho yakaniuma. Hatukuwamo.

Nikamuuliza kosa ni la nani. Alicheka, akasema si la mtambo. Ukurasa wetu wa kwanza ulikuwa picha ya mwenyekiti, Mama Rosebella, na hotuba yake yote ya siku ya ufunguzi. Chini yake, orodha ya kamati kwa vyeo. Vikapu, mikeka na kofia, kila kitu kilirundikwa kwenye ukurasa mmoja mrefu ulioandikwa "Bidhaa", na njia ya kufika huko iliandikwa tu "Bonyeza hapa". Akaniambia mtambo hausomi picha, unasoma maneno. Kila aina ya kitu ipewe ukurasa wake na jina lake kamili, na ile orodha ya mwanzo, wao huiita menyu, imwelekeze mtu hatua kwa hatua: kwanza vikapu; ndani ya vikapu, vile vya sokoni; na ndani ya vya sokoni, kile anachotaka.

Nilirudi Busia nikiwa na kazi ya kupanga. Nilikata maboksi ya sabuni kuwa vipande, nikaita akina mama, tukamwaga vikapu vyote sakafuni. Dada, ungekuwepo! Mama Rosebella alitaka menyu ianze na kamati, maana ndivyo mikutano inavyoanza. Wengine walitaka tugawe kwa vijiji, vya Mundika peke yake, vya Malaba peke yake. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Aliyetuokoa ni Mama Amuron, yule mzee wa upande wa Malaba anayesuka mikeka. Alisimama katikati ya marundo akasema, "Mnunuzi haulizi mwenyekiti ni nani. Anauliza, kikapu cha kubebea vitunguu kiko wapi?" Hata Mama Rosebella alicheka, na hotuba yake ikahamia ukurasa wa mwisho kwa hiari yake.

Tukapanga marundo upya, na juu ya kila rundo tukaweka kipande cha boksi chenye jina la kitu, kazi yake na aliyekianzisha. Maneno hayo nikayaandika kwenye kompyuta, nikampelekea Ekisa ndani ya diski. Mwezi wa saba akapiga simu ofisini, sauti imempanda. Ukurasa mmoja ulikuwa umetoka wa kwanza kabisa kwenye majibu, ule wa kikapu cha shingo, kile chenye shingo iliyosukwa inayoshika kifuniko bila kamba. Duka moja la Norwei liliagiza arobaini. Tena mwenye duka aliomba mwanzilishi aandike, kwa maneno yake, jinsi alivyofikiria kuisuka ile shingo.

Hapa ndipo ilipo ile habari nzito. Wilkista, kwenye kile kipande cha boksi nilikuwa nimeandika jina langu.

Unakumbuka mwaka wa tisini na nne, ulipojifungua Okal na hukuweza kusafiri, ukanipa kikapu chako nikipeleke maonyesho ya Kisumu. Niliporudi nilikwambia kwamba waamuzi walikipita bila kukitazama, na kwamba kilipotea kwenye msongamano. Haikuwa hivyo. Walikigeuza huku na huku, wakauliza nani amekisuka. Nikafungua kinywa nikasikia kinasema, "Mimi." Kilikuwa cha kwanza. Cheti chenye jina langu ndicho kilichofanya kikundi hiki kinichukue. Nawe, nilipokudanganya hivyo, ulinijibu kwa upole kwamba basi, labda mikono yako si ya kazi hiyo, ukaacha kusuka. Miaka mitano nimeyabeba maneno hayo, na kila Mama aliposema umeacha, nilinyamaza.

Lakini yule wa Norwei alitaka maneno, na mimi sikuwa nayo. Niliandika mara tatu nikachana. Shingo ile najua kuiiga tu. Sikuwahi kuifikiria.

Jumatatu iliyofuata niliwaambia akina mama wote, nikiwa nimesimama. Mama Rosebella alishusha cheti ukutani mwenyewe, akaniuliza kama wewe unajua. Niliposema hapana, akasema nimeanza kuungama mahali pasipo penyewe. Kazi wameniachia, ila nimeondolewa kuwafundisha wageni, na ni haki. Mama Amuron hakunisalimia wiki mbili. Sasa ananisalimia.

Ekisa alibadilisha ukurasa, ukawa na jina lako. Mtambo ukautupa chini kwa wiki tatu, akina mama wakanung'unika, kisha ukapanda tena. Leo mtu akitafuta kikapu hicho, popote alipo, jina la kwanza analoliona ni Wilkista, Port Victoria. Nimeliona kwa macho yangu, na nakwambia kweli, tangu nipate kazi hii sijawahi kulala vizuri hivi.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nitakuja Tororo Jumamosi ya kwanza ya Desemba, uniseme mbele ya watoto kama utataka. Ila chini ya jina lako, mahali pa yale maneno ya shingo, pamebaki wazi. Ekisa analalamika kwamba ukurasa wenye nafasi tupu unashuka, tujazie chochote. Nimemwambia ushuke ukitaka. Hapo ni pako, hakuna atakayekuandikia.

Msalimie shemeji, na Okal umshike kichwani kwa niaba yangu. Mama anawasalimu wote, na akina mama wa hapa wanakusalimu ingawa hawajakuona.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kukupenda na kukukosea,
Jacinter Amollo