Vidonge Vyeupe vya Dada Ikupa

Jumanne, 4 Februari 2014
Leo nimenyanyua ekseli ya Fuso mara nane. Nane! Lusubilo kaishia tano, kasingizia mgongo. Mgongo gani — mwoga tu wa chuma. Kocha Watson katuagiza tuandike vipimo kila siku, basi naandika. Mkono: inchi kumi na tatu na nusu. Kifua: nitaandika kikitokea.

Dada Ikupa kaamka vizuri. Ana ndevu tatu kidevuni. Nikamwambia, "Shikamoo babu." Karusha kandambili, ikanipata sikioni. Sauti imekuwa nzito, kwaya wamemhamishia kwa wanaume, anaimba teno. Tunacheka wote. Halafu anaingia ndani, anakawia kutoka.

Ijumaa, 7 Februari
Nimetoka Mbeya kumchukulia dawa. Miezi sita sasa ni mimi ninayekwenda, yeye akipanda basi anazimia. Daktari Getruda kanieleza upya, ananiona kichwa maji: mifupa ya dada imegoma kutengeneza damu. Vidonge hivi vyeupe vilibuniwa maabara zamani sana, kwa wagonjwa wa namna hiyo. Vinaiga homoni za kiume, ndiyo maana ndevu. Nikasema nipe na mimi, kidevu changu kinang'aa kama sahani. Hakucheka. Kasema dada asiruke hata siku moja.

Nikapitia mazoezini na mfuko. Watson kaona boksi, kakaa chini kabisa. "Iwe boi! We kijana! Unajua umebeba nini?" Kasema wabeba vyuma wa Lusaka wanavitafuta kwa tochi. Vinajaza mwili kama pampu na tairi. Na Pasaka kuna shindano la kutunisha misuli, sisi na Nakonde, wa ng'ambo ya mpaka. Akanitazama, akalitazama boksi. Nikafunga mfuko, taratibu.

Jumamosi, 8 Februari
Mimi si mwizi. Iandikwe hivyo. Nimefikiria vizuri, kidato cha pili siyo mchezo. Jirani Ferista ana mimba, kliniki wamempa vidonge vyekundu, vile vya kuongeza damu, kila mtu anavijua. Hamezi, eti vinamtia kichefuchefu. Kanipa vyote, na kaahidi vya mwezi ujao. Sasa — dawa ya damu nimetoa, dawa ya damu nimeweka. Damu ni damu! Nani kapunjwa hapo?

Nimemwambia dada wamebadilisha kampuni, siku hizi ni vyekundu.
"Afadhali," kasema, "angalau vina rangi ya damu yenyewe."
Kameza mbele yangu. Mimi vyeupe nikamezea nyuma ya choo.

Alhamisi, 6 Machi
Mara kumi na nne! Inchi kumi na tano! Makuli wenzangu pale mpakani wananiita Kontena. Shati la Krismasi limepasuka kwapani, raha tupu. Mgongo umejaa chunusi kama ngozi ya kenge, lakini mgongo nani anauangalia.

Lusubilo kauliza mbele ya watu: "Wewe mumiani, umenyonya damu ya nani?" Wote wakaangua kicheko. Nikamkaba shingo. Yaani wanasema nilimkaba. Mimi nakumbuka Watson ananivuta, na Lusubilo chini anakohoa. Hapo katikati hakuna kitu.

Jumapili, 30 Machi
Kanisani leo ilikuwa shangwe. Dada karudishwa alto, kwa wanawake wenzake! Sauti imelainika. Ndevu hazioti tena. Mchungaji kasema Bwana amejibu maombi, kina mama wakapiga vigelegele mpaka bati likalia. Tukitoka dada kanishika mkono: "Gwakisa mdogo wangu, nimekuwa mwanamke tena. Dawa hii mpya Mungu aibariki."

Nikasema amina.

Ila nimekaa hapa nafikiria. Ndevu zililetwa na vidonge. Zikiondoka, maana yake

Sitaki. Leo sikufanya mazoezi.

Ijumaa, 4 Aprili
Mara kumi na sita.

Jumatano, 16 Aprili
Dada ana vidoa vyekundu miguuni, vidogo, kama kaumwa na siafu. Akipiga mswaki, povu linakuwa la waridi. Anasema ni mswaki mgumu. Na Ferista kanidokeza, ananong'ona kama nimeoa mimi: siku za dada zimerudi na hazikatiki, ni wiki ya pili.

Nikaenda na kidonge cheupe na maji. Kakiona tu, kanisukuma mkono.
"Hicho cha ndevu? Unataka niwe babu tena? Katupe chooni!"
"Dada, meza hiki kimoja tu."
"Gwakisa, sitaki. Nimechoka kuchekwa."
Nilikuwa na mdomo mzima wa kumwambia. Mdomo huu unaotania mji mzima! Nikatoka nacho.

Sikukitupa. Shindano ni Jumatatu. Nilikimeza.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili
Mshindi wa kwanza! Nakonde wamezomea kwa Kibemba, wakazomea na Kiingereza, haikusaidia. Kombe ninalo. Nilipakwa mafuta kama samaki wa kukaanga, nikakunja mkono, ukumbi mzima "Kontena! Kontena!" Mshipa ukasimama toka kiwiko mpaka bega. Nikautazama. Nikaona kama siyo wangu. Kama kuna mtu humo ndani anatembea, namjua anavyotembea.

Dada alikuja. Walimwekea kiti mbele. Alipiga makofi mpaka mwisho. Viganja vyeupe kama sembe.

Alhamisi, 24 Aprili
Dada kadondoka jikoni. Damu ya pua haikomi. Tuko Mbeya, hospitali. Nilimbeba mwenyewe toka mlangoni mpaka kitandani. Hana uzito. Nimebeba mifuko ya saruji miaka mitatu, sijawahi kubeba kitu chepesi hivi.

Ijumaa, 25 Aprili
Benchi la nje ya wodi. Daktari Getruda kaja na majibu ya maabara. Damu imeshuka kuliko siku ile alipoanza dawa. Kasema kwa upole, "Kuna wagonjwa inawakataa. Mmejitahidi, lakini imeshindwa. Tutaisimamisha." Nikauliza kuna nyingine? Kasema hapa hakuna. Ni kumwongezea damu, na kusubiri.

Dada kasikia. Kaniita kwa mkono. "Usilie wewe, Kontena mzima. Safari zote zile umenihangaikia. Hukukosea kitu."

Afadhali angenitukana.

Sasa wanataka wachangia damu. Muuguzi kanipa fomu na kalamu: "Kaka, mwili wote huo, usiniambie unaogopa sindano." Nimejaza jina. Umri, ishirini na moja. Kilo, themanini na nne. Hapo nimeandika haraka, kwa mazoea ya kujisifu.

Halafu kuna swali: Je, kwa sasa unatumia dawa yoyote? Itaje.

Jina lenyewe refu, la kizungu, lakini nimelisoma kwenye boksi kila siku tangu Februari. Naweza kuliandika nimefumba macho. Vimebaki kumi na moja, viko mfukoni.

Muuguzi kapita: "Kaka, bado tu?"

Daktari kasimama pale mlangoni na faili la dada. Kafungua kalamu. Anaikata dawa kwa mstari.

Nimeandika herufi tatu za kwanza.

Kafunga faili, anaondoka. Nimesimama, nimemwita. Hajageuka. Sijui kama sauti imetoka.