Mshai Alipokuita Mama

Kwa dada yangu Wakesho,

Natumai wewe na shemeji mko wazima, na kwamba mahindi ya hapo Njukini yamepata mvua. Mgongo wako umepoa? Mimi mwili hauna neno, ila moyoni kuna kitu, na kwa simu nitashindwa kukisema.

Bado tuko kisiwani. Eleni, yule nyanya ninayemtunza Athene, alitaka kumwona dada yake, nami nikamsindikiza. Mtu akisikia kisiwa cha Mediterania anafikiria raha tu. Hiyo raha ni ya kiangazi. Wakati huu wa baridi hoteli zimefungwa, viti vimerundikwa chini ya maturubai, na mkahawa ulio wazi ni mmoja tu, wa wazee wa karata. Upepo ukizidi hata feri haiji. Ufuoni ni mimi na paka.

Ndipo niliposimama siku ile nikiwaonyesha bahari kwa simu, Mshai akapiga kelele, "Mama, kuja uone, aunty yuko baharini!"

Mama ni wewe. Aunty ni mimi niliyemzaa.

Ulicheka ukamwambia, "Wewe! Huyo ndiye mama yako." Akasema, "Najua," kisha akakurukia mapajani. Nikawaambia netiweki ni mbaya, nikakata. Netiweki haikuwa na shida yoyote.

Dada, nilikuonea wivu hadi chakula kikanishinda. Umemsuka vizuri, na zile shanga nyekundu umezichagua wewe. Jino lake lilipong'oka alikuja kulilia kwako. Mimi nimeona pengo tu. Nilisema peke yangu maneno juu yako ambayo siwezi kuyaandika.

Sasa sikia kilichotokea Jumapili. Katina, huyo dada yake Eleni, ndiye aliyemlea Niko, mtoto wa Eleni, wakati Eleni akishona nguo kiwandani Athene. Niko sasa ana mvi. Alikuja na samaki, akambusu Katina kwanza, akamuuliza kama amekunywa dawa, ndipo akamsalimia mama yake. Kigiriki changu sasa kinatosha, nilisikia yote.

Eleni aliweka uma chini. "Mimi ndiye niliyekuzaa."

"Mama, nani amekataa?" Niko akasema.

Eleni akamgeukia dada yake. "Uliniibia mtoto."

Katina ni mtu mpole sana. Alimjibu, "Uliniachia akilia. Ulitaka nimwache alie?"

Eleni akaenda chumbani akafunga mlango. Niko akachukua jaketi lake akaondoka bila kula. Nilimpelekea Eleni supu, akageukia ukutani, na nilimwelewa kabisa. Katika nyumba ile mimi nilikuwa upande wake. Lakini niliporudi jikoni nikamkuta Katina akiosha sahani ambazo hakuna aliyezitumia, machozi yakidondokea kwenye maji. Nikakuona wewe. Nikachukua kitambaa nikawa nampangusia sahani.

Mpaka leo hawasemezani. Feri ikija tutaondoka hivyo hivyo, na sijui kama watu wa umri ule wataonana tena.

Sikudanganyi, wivu bado ninao. Hata sasa nikifikiria unamwosha Mshai miguu kabla ya kulala, nachomeka. Lakini akikuita mama, usimkosoe tena kwa ajili yangu. Mwitikie. Mimi niambie tu siku hizi anapenda kula nini, anaogopa nini, na wimbo gani anaimba akiwa peke yake, ili nikija nisiwe mgeni kabisa.

Msalimie shemeji. Msalimie mama yetu, na umwambie sweta alizonifumia ndizo zinaniokoa huku. Kaka yetu aliyeko Voi mwambie apunguze kukaa kimya. Na yule jirani mnayeenda naye soko la Taveta, mpe salamu zangu pia.

Mshai mbusu. Sema umetumwa na mimi, au usiseme, vyovyote utakavyoona.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukuonea wivu,

Mkamburi