Kaske Yako Mbele ya Mwepu

Ilunga, mutani wangu,

Usishtuke. Ni minye Chanda, yule aliyefika Ndola na hata Johannesburg. Shule niliiacha mapema ili wengine nao wapate kuwa wa kwanza, kwa hiyo makosa ya mwandiko usiyahesabu.

Habari za hapa: mtaa wetu wa Panda uko kimya. Tanuru lako la kiwandani limezimwa, wenzako wanauza makala, makaa ya kupikia, barabarani, na ugali wetu, bukari, ni mara moja kwa siku. Lakini Bernadette wako amepata diploma ya sekondari! Université ya Lubumbashi imempokea asomee mazingira. Ni binti yako, sikatai, ingawa akili amezitoa kwangu.

Shida ilikuja kwenye kuchagua masomo ya mwaka wa kwanza. Mengi yamepangwa tayari, moja mwanafunzi anachagua mwenyewe. Mukubwa wako wa tumbo moja, Mwepu, anayemlisha tangu uondoke, akakata shauri: chimie, kemia ya madini, ili siku kiwanda kikifunguliwa apate kazi. Bernadette alitaka somo la udongo na maji. Kumjibu baba mkubwa hakuthubutu. Akanijia analia, kama kwa mjomba wake: "Tonton, weye uko mutani ya papa. Weye ukisema, hakuna muntu atakasirika."

Kweli. Kwenye mazishi yako, kama desturi yetu ya utani inavyotaka, nilivaa kaske yako, ile kofia ngumu ya kazi, nikatembea bega moja chini kama wewe, nikawafokea waliaji mpaka mjane wako akacheka na machozi usoni. Kaske nikabaki nayo, maana mtani harudishi kitu mpaka alipwe, na ukoo wako ulikuwa haujaikomboa. Basi nikaivaa tena, nikaingia kwa Mwepu, nikakaa kwenye kiti chako bila kukaribishwa.

Unakumbuka ulivyokuwa ukitoka kazini? Nguo za tanuru, zenye vumbi la madini, ulizifua mwenyewe, Bernadette mdogo akishika beseni, na maji yale mkayapeleka mbali na bustani ya sombe, majani yetu ya muhogo, kwenye shimo ulilochimba. "Hii maji isifike ku sombe ya batoto." Tulikucheka, Mwepu kuliko wote.

Nikasema kwa sauti yako: "Mwepu, ulinicheka juu ya maji ya kufua. Mutoto alikuwa anaona. Sasa anataka kujua kama nilikuwa na haki ya kuiogopa. Umukataze juu ya nini?"

Mwepu akacheka mpaka akakohoa. Halafu akavua miwani, akaifuta muda mrefu.

"Huyu Ilunga! Ata mu kaburi iko anabishana. Bon. Asome udongo yake."

Asante, ndugu yangu. Nilisema minye, ila maneno yalikuwa yako. Na asante kwa ile siku niliporudi kutoka Johannesburg, suti nzuri, tumbo tupu. Ulinisogezea samaki wako, hukuniuliza kitu. Sikuwahi kukushukuru; nilikuambia amepungukiwa chumvi.

Hakupungukiwa chumvi.

Jana Bernadette alipanda lori la Lubumbashi. Kaske ameikomboa kwa kuku mmoja, mwembamba kama mwalimu asiyelipwa, na ndani ya hiyo kaske amefunga udongo wa bustani yako.

Lala vizuri, mutani. Nafasi kando yako usimpe mwingine, nakuja na matusi mapya. Sombe yako nitaimwagilia minye, kwa maji ya kisima. Ya kufua nitayapeleka kwenye lile shimo ulilochimba, mbali, na wanaotaka kucheka wacheke.

Chanda wako