Kitanda Kitoke, Watoto Waingie

Maskati,
Ijumaa, baada ya sala

Kwa Mamangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Shikamoo Mama. Nakuombea barua hii ikukute umekaa pale mlangoni pako, miguu umeinyoosha, goti la kushoto halikusumbui na presha imetulia. Mimi huku ni mzima wa mwili, alhamdulillahi. Moyo ndio haujatulia, na ndiyo sababu nimeshika kalamu, maana kwenye simu mimi na wewe hatuwezani. Nikisema neno moja unalia, ukilia nami nalia, kisha mtandao unakatika na hakuna aliyesema la maana. Riziki atakusomea. Riziki mdogo wangu, soma yote kama yalivyo, hata pale nitakapokutaja wewe. Usiruke.

Barua inaletwa na dada mmoja wa Tiwi ninayefanya naye kazi, anakuja nyumbani likizo. Amebeba na kifurushi chenu. Msikifungue kwanza. Someni, kisha mfungue.

Mama, nataka kuzungumza habari ya kitanda changu.

Siku ile Riziki aliponipigia simu ya picha nilikuwa ndiyo kwanza natoka kazini, kitambaa cha kupangusia bado kiko begani. Alitaka kunionyesha jambo zuri, maskini. Mimi nikaona godoro langu limeegemezwa ukuta wa nje, kitanda kiko uani juani, na nguo zangu zimefungwa kwenye leso juu ya mkeka. Mama, wewe unajua kwetu vitu vya mtu hutolewa nje namna ile lini. Vya baba tulivitoa hivyo hivyo, vikagawiwa, huyu kanzu, yule kikoi. Nikapiga ukelele, "Kwani mimi nimekufa? Mmenizika bila kunipa habari?" Riziki akawa anajieleza, "Dada, ni watoto wapate chumba cha kusomea," wala sikumsikiliza. Nilimtolea maneno ambayo nikiyakumbuka hata sasa natamani kujifunika uso. Nawe uliposikia kelele ukatoka jikoni, ukaamrisha kila kitu kirudishwe mahali pake, ukafunga mlango, na ufunguo ukaufunga kwenye pindo la leso yako. Nasikia mpaka leo uko hapo hapo, hata ukienda kuoga unakwenda nao.

Nitakwambia kweli, siku ile nilifurahi. Nilijisemea, mamangu yuko upande wangu, nafasi yangu ipo. Nikalala usingizi mzuri.

Lakini Mama, mimi kazi yangu ni kusafisha madarasa. Vyumba vinne vya watoto wadogo ni vyangu, kila jioni wakishaondoka. Nimevijua kuliko walimu wao. Najua ukuta huchafuka wapi, kwa sababu mtoto akipita hupitisha mkono ukutani, na alama za vidole zinafika kifuani pake tu, juu ni safi. Najua watoto hupenda kujificha chini ya meza ipi. Kila mtoto ana ndoano yake ukutani, ya kutundikia mkoba, na jina lake limeandikwa juu yake. Kuna mmoja umri wake sawa na wa mwanangu Mwanamisi, ndoano yake ni ya tatu kutoka mlangoni. Meza yake huipangusa mara mbili. Sijui kwa nini nafanya hivyo. Najua, ila sitaki kusema.

Basi jioni moja juma lililopita, nimekaa kwenye kiti kimoja kidogo nipumzishe mgongo, nikasikiliza sauti aliyonitumia Riziki. Ilikuwa Mwanamisi anasoma. Mama, anasoma! Mtoto ambaye maradhi yale ya damu, selimundu, yalimfanya akose skuli siku nyingi kuliko alizokwenda, wenzake wakamwacha nyuma, akawa analia akiona sare yake. Sasa anasoma sentensi nzima, polepole kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe. Ni kazi ya Riziki hiyo, anayemfundisha hapo barazani pamoja na wanawe. Miaka yote aliyofundisha chekechea kule Ukunda, nami nilikuwa nikimcheka, "Mwalimu wa kufuta kamasi." Riziki, nimekoma.

Akafika mahali akakwama. Kisha akasema, "Mama, hapa pamerowa, wino umekimbia. Sioni. Ngoja mama mdogo anambie." Nikasikia mvua kwenye makuti. Nikasikia Riziki anasema, "Sogea huku, moshi huo," na mtoto anakohoa. Ndipo nilipojua kwamba mvua ikinyesha barazani hapakaliki, na darasa linahamia jikoni, kwenye moshi, makuti yanavuja. Mama, daktari alitwambia nini? Asipigwe na baridi, asirowe. Hilo ndilo linalomletea yale maumivu ya mifupa. Na hatua kumi kutoka hapo pana chumba kikavu, cha bati, kimefungwa.

Kisha akaendelea, kwa sauti ya kawaida tu, wala hakuwa analalamika, "Mama, chumba chako kina dirisha kubwa. Bibi akifungua Alhamisi kutia udi mimi huchungulia. Kitanda kimetandikwa vizuri, lakini hakuna mtu."

Nilikaa pale kwenye kiti cha mtoto mpaka msimamizi akaja kuniuliza kama ninaumwa.

Sasa nakuja kwenye lile gumu. Nisamehe Mama. Riziki, mshike mkono kwanza, kisha usome.

Mwaka huu sirudi. Nimetia saini miaka miwili mingine. Ni kwa ajili ya dawa za Mwanamisi na kwenda kwake hospitali, na kwa sababu kazi hii si mbaya na watu wake wana heshima. Nilipotia saini nilijiambia nitakwambia kesho. Kesho ikawa kesho kutwa. Wewe huko unawaambia majirani Mejumaa anakuja baada ya mfungo, umenunua foronya mpya, unanishonea mkeka, nami naitikia tu kwenye simu, "Inshallah Mama, inshallah." Nimekuacha ukimtandikia kitanda mtu ambaye haji. Na kwa kitanda hicho mwanangu anasomea kwenye moshi. Hapo ndipo nilipokosa, si Riziki.

Kwa hivyo fungua pindo la leso, Mama. Mpe Riziki ufunguo.

Kitanda kitoke. Najua unavyokipenda, baba alikichonga kwa mkono wake, nami nakipenda vile vile. Sisemi kiuzwe wala kipasuliwe. Mwiteni Mjomba Bakari aje na msumeno wake, akikate miguu, akiache kimo cha goti la mtoto, juu apigilie mbao. Kitakuwa meza. Watoto watatu watakaa kukizunguka chini, Mwanamisi na wale wawili wa Riziki, na itabaki nafasi ya mwalimu na chai yake. Mjomba atanung'unika kwamba kazi ya shemeji yake haikatwi. Mwambie ni Mejumaa mwenyewe mwenye kitanda amesema.

Chini tandikeni ule mkeka unaonishonea. Najua utasema watoto watautia wino. Wautie. Viatu wavue mlangoni, hilo sitaki kusikia udhuru, mimi nazijua sakafu.

Ukuta upakeni rangi ya mafuta kuanzia chini mpaka kimo cha kifua cha Mwanamisi, upanguswe kwa kitambaa. Juu tieni chokaa, inatosha. Ubao Riziki asiutundike juu kama wa skuli. Auweke chini, watoto wafike nao waandike. Huku nimeona walimu wakifanya hivyo na watoto wanapigania kuandika. Meza ikae karibu na dirisha, mwangaza uje upande wa kushoto, mkono usiwatilie kivuli.

Godoro msilitoe. Liwekeni kwenye pembe kavu, na shuka yangu ile nzito. Zile siku mifupa inapomuuma Mwanamisi, alale pale pale darasani asikilize wenzake wakisoma. Kukaa peke yake chumba cha ndani anasikia sauti za watoto kwa mbali ndiko kulikokuwa kukimliza kuliko maumivu yenyewe, aliniambia. Na gudulia la maji liwe karibu na mkono wake, anywe kila mara, asingoje kuambiwa.

Nguo zangu chukua wewe, zitie kwenye sanduku lako. Ile ya maua ya samawati mpe Riziki. Alikuwa akiiiba tangu zamani akidhani sijui.

Na siku ya kwanza, Mama, msianze hivi hivi tu. Fanyeni kama tulivyokuwa tukipelekwa chuoni kusoma Kurani. Pika kaimati, sinia moja, Mwalimu wetu wa chuo aje asome Fatiha na dua, watoto wale, ndipo waingie. Nipigieni simu niwaone, na nawaahidi sitapiga kelele. Kulia sitaahidi.

Utaniuliza, nikija nitalala wapi. Nitalala kwako, Mama. Kwenye kitanda chako, upande wa ukutani, kama nilipokuwa mdogo, na utanilalamikia kwamba nakuvutia shuka. Wallahi ni miaka sasa sijalala karibu na mtu ninayemjua pumzi zake. Huku tuko wanne chumbani, wema wote, lakini ukizimwa mwangaza kila mtu ana kwao. Mimi husikia harufu ya udi wako. Najua haiwezekani, bahari yote hii. Lakini Alhamisi huisikia.

Sasa fungueni kifurushi. Ni ndoano. Skuli walikuwa wanabadilisha za zamani, nikamwomba msimamizi, akanipa nne. Nimezisugua mpaka zimeng'aa. Mjomba azipigilie karibu na mlango, chini, watoto wafike bila kusimama kwa ncha za vidole. Tatu ni za watoto, Riziki aandike majina juu yake. Ya nne mwandike jina langu. Isipandishwe juu kwa kuwa mimi ni mkubwa. Iwe mstari mmoja na zao, nitainama kutundika buibui langu.

Siku nitakayokuja, inshallah, sitaingia tu kwa kuwa zamani kilikuwa chumba changu. Nitasimama nje nipige hodi, na nataka aniitikie Mwanamisi. Aniambie karibu, vua viatu, kaa pale. Kisha anisomee, bila kungoja mtu amwambie neno.

Nisalimie Mjomba Bakari, na umwambie msumeno autie makali. Nisalimie jirani yetu muuza mbaazi, asiache kuwapa watoto za moto asubuhi, na Mwalimu wetu wa chuo, ambaye fimbo yake bado naikumbuka mgongoni. Riziki, wewe sikusalimu, wewe nakuomba radhi. Mwanamisi mbusu machoni, kote kuwili. Huyo, Riziki asimsomee mstari huu, ampe karatasi ausome mwenyewe: Mwanamisi, chumba ni chako.

Nami nakuomba radhi na dua zako, Mama, kwani sina kingine ninachotembea nacho.

Ni mimi mwanao,
Mejumaa

Nilikuwa nimeshakunja karatasi nikakumbuka jambo. Siku niliyoondoka ulimkataza Riziki kufagia chumba mpaka nifike salama, nyayo za msafiri zisifutwe. Na nasikia tangu siku hiyo ufagio haujaingia mle, hata nilipopiga simu kusema nimefika. Ulikataa kuamini kwamba huku ndiko nilikokuwa nakwenda. Mama, nilifika. Kabla watoto hawajaingia, fagieni.