Funga Hicho Kidude Nikwambie

Jumatatu, 13 Januari

Fomu sita leo. Kishikwambi kimegoma mara mbili. Kimeandika kuwa kimepata joto, kikajizima. Na mimi nikipata joto najizima wapi?

Bodaboda kutoka Bariadi hadi Nkololo, tope mpaka magotini. Maswali ni yale yale. Jina. Picha. Mahali, hapo kishikwambi kinajijazia chenyewe. Halafu linakuja lile kubwa: umeridhika kiasi gani na bomba la mradi? Majibu ya kuchagua ni matatu. Nimeridhika kwa kiasi, nimeridhika, nimeridhika sana. Sijaridhika haipo. Nilidhani nimeruka ukurasa. Sijaruka. Chini kabisa kuna kisanduku cha maelezo mengine, kidogo kama dirisha la choo.

Wote sita wameridhika sana. Wamevaa nguo za kanisani kwa ajili ya picha. Na wakati wananijibu, wanawake wanapita mbele ya bomba na ndoo tupu kwenda lamboni, kule ng'ombe wanakonyweshwa. Nikayaonja maji ya bomba. Chumvi tupu. Nikatema.

Msimamizi wetu, bwana Ezekieli, alisema wazi kwenye semina: wananchi wakionekana wameridhika, mradi unakabidhiwa kijiji na kufungwa. Wakilalamika, wahandisi wanarudi kutafuta maji kwingine. Sasa si waseme! Mdomo wamepewa wa nini?

Jumanne, 14 Januari

Leo nimekutana na Mayu Kabula. Mjane, namwita mayu maana ana umri wa mama yangu, ndiye kiongozi wa kikundi cha wanawake wanaopalilia pamba pamoja, leo shamba la huyu, kesho la yule. Tukasalimiana, mwadila mayu, mwadila, tukakaa. Bomba? Nimeridhika sana. Akasema huku anakitazama kishikwambi, si mimi.

Mvua ikaanza. Nikakizima, nikakitia kwenye mkoba, tukajibanza ukutani. Hapo ndipo alipoanza. Yalimtoka yote. Kwamba ng'ombe wenyewe waliyakataa maji yale. Kwamba ufunguo wa bomba anao mwenyekiti wa kamati ya maji, anafungua akijisikia. Kwamba aliwaambia mkutanoni anayelalamika anafukuza mradi. Na kwamba mzee mmoja aliyenyoosha mkono siku ile, msimu wa mbegu ulipofika jina lake halikuonekana kwenye orodha ya mgao.

Nikafungua mkoba niandike. Akanyamaza hapo hapo.

"Funga hicho kidude nikwambie," akasema. "Kina sura yangu mle ndani."

Nimekifunga. Amenieleza mpaka mvua ikakatika. Kabla sijaondoka nikamwomba ruhusa niyaandike. Maneno chukua, akasema, jina niachie.

Jumatano, 15 Januari

Nimebadilisha utaratibu. Kishikwambi mkobani, zipu imefungwa, na mikono yangu waione. Loo, kumbe watu wanaongea! Yule baba aliyekuwa ameridhika sana Jumatatu leo amelitukana bomba mpaka nikacheka. Mwingine anasema chai yake haihitaji kutiwa chumvi, inakuja nayo.

Nikimaliza nyumba tatu nne nakimbia kwenye baraza la duka la soda pale senta, najaza kabla sijasahau. Fomu haikubali kwenda bila jina. Nimeandika Mkazi wa Kwanza, Mkazi wa Pili, hivyo hivyo. Picha nayo lazima. Nimepiga ukuta wa duka. Kati ya majibu yale matatu nimebonyeza kwa kiasi, maana ndilo la chini kabisa, na ukweli wote nimeusindilia kwenye kile kisanduku.

Nina furaha. Kwa mara ya kwanza kazi hii ina maana.

Alhamisi, 16 Januari

Fomu mpya zimefika kumi na nne. Nimezituma zote kutoka barazani. Mtandao ulikuwa mzuri.

Ijumaa, 17 Januari

Nimeitwa mpikaji wa data.

Ezekieli amenifungulia ramani kwenye kompyuta yake. Fomu za mwenzangu Justini zimetapakaa kitongoji kizima, vidoti safi, kila nyumba na kidoti chake. Za kwangu zote kumi na nne zimerundikana mahali pamoja. Duka la soda. Majina hayapo, nyuso hazipo, kuna ukuta mara kumi na nne. Akaniuliza kama nilikuwa nakunywa Fanta huku natunga wananchi.

Justini huyo huyo! Mtu anayekaa uani, anabonyeza nimeridhika sana kabla mwenye nyumba hajafungua mdomo, halafu anauliza kwa heshima, mzee tuseme umeridhika, au siyo? Data zake ni safi. Za kwangu chafu. Uongo wake una GPS, ukweli wangu hauna.

Hukumu: nirudie zote kumi na nne hadi Jumatano. Nyumbani kwa mtu, jina lake, sura yake, na sauti irekodiwe. Nikishindwa zinafutwa, fomu za Justini zinasimama kwa niaba ya kijiji kizima, mradi unafungwa. Na mkataba wangu nao basi.

Nikasema sawa bosi. Nikaenda chooni nikalia kwa hasira. Sawa bosi! Ndiyo nilichokisema.

Jumamosi, 18 Januari

Nimefua kutwa. Nguo zimenikoma.

Shuleni tuliandika insha kuhusu uhuru wa kutoa maoni. Nilipata alama nzuri sana, mwalimu akaisoma mbele ya darasa. Nilijaza kurasa tatu. Sikuwaza hata kidogo kwamba siku moja nitalipwa kuzunguka vijijini nikiomba watu maoni kwa fomu isiyo na hapana. Wamekuja na kifaa cha kisasa, kinajua umesimama wapi, kinajua ni saa ngapi, kinajua sura yako. Kimeshindwa kitu kimoja tu, kusikia.

Nawakasirikia na wanakijiji pia, niseme ukweli. Wanajua kunilalamikia mimi ukutani. Mbele ya wenyewe, kimya. Halafu nakumbuka mimi nilivyokuwa kimya mbele ya Ezekieli.

Jumatatu, 20 Januari

Siku mbaya kuliko zote.

Nyumba saba. Kishikwambi wazi, kinarekodi, nimewaambia kinarekodi. Saba wameridhika sana. Watu walewale! Yule baba wa matusi amekaa kwenye kigoda, shingo imenyooka, anaushukuru mradi kwa maji matamu. Matamu! Nikashindwa kuvumilia. Nikampandishia sauti mtu wa umri wa baba yangu, mbele ya mkewe. Aliangalia chini. Nimejisikia vibaya mpaka sasa.

Nikaenda kwa Mayu Kabula nikiwa nimevimba. Nikamweleza yote ya Ijumaa, kisha nikamwambia kijiji chao ni cha waoga. Alinisikiliza akiwa anachambua mchicha, akamaliza, akaniuliza swali moja. Wewe bosi wako alipokuambia umepika, ulimjibuje?

Sawa bosi, nikamwambia. Akasema basi tusitukanane. Kesho njoo shambani kwangu, ni zamu yangu. Njoo na jembe. Hicho kidude kije nacho.

Jumanne, 21 Januari

Mikono imetoka malengelenge, naandika kwa taabu. Lakini lazima niandike.

Wanawake kumi na wawili na mimi, mstari mmoja, pamba imefika magotini. Kwetu kwenye jembe watu wanaimba, na kinachoimbwa kwenye jembe hakuna anayekipeleka kwa mtendaji wa kijiji. Mama yangu kule Migato alikuwa akimwimba mama mkwe wake na uchoyo wake wa maziwa, na mama mkwe yuko mistari miwili pembeni, analima na kuitikia. Jioni wanakula sahani moja. Anayekasirikia wimbo wa shambani ndiye anayechekwa. Nimekua nikiyaona haya na sikuyafikiria kabisa. Nilikuwa nimeshika fomu.

Mayu Kabula akaniambia nikiweke kishikwambi kwenye tuta, kioo juu, kiwe wazi. Niliwasimamisha kwanza. Niliwaambia kweli: sauti hizi haziishii shambani, zinakwenda Bariadi, na zikitoka hapo sijui zinafika wapi. Wakatazamana. Mmoja akaweka jembe chini akaenda kukaa pembeni, na hakuna aliyemsema. Kumi na mmoja wakabaki. Mayu Kabula akasema washa.

Akaanza na jina lake. Jina lake, la baba yake, na la marehemu mumewe. Sisi tukaitikia. Halafu bomba. Ng'ombe wa mwenyekiti wameyanusa maji wakageuka, na sisi tunaambiwa tuyashukuru. Ufunguo una mwenyewe, kiu haina mwenyewe. Kila mwanamke akachukua zamu, na kila mmoja akatangulia kwa jina lake. Mwingine aliimba jinsi wifi yake alivyotumbukia lamboni na ndoo. Nilikuwa naitikia huku machozi yananitoka, na sikujisumbua kuyafuta.

Na mwenyekiti akapita! Na baiskeli yake, barabarani, hatua chache tu. Akasimama. Wimbo ulikuwa kwenye jina lake. Nilidhani watanyamaza. Mayu Kabula akapandisha sauti. Mwenyekiti akabaki ameshika usukani, uso umemkaza, mwisho akacheka, kicheko cha kulazimishwa, akatuambia tupalilie vizuri. Akapanda baiskeli akaenda zake.

Baadaye nimepita nyumba kwa nyumba na wale kumi na mmoja. Majina, sura, mahali. Vidoti vyote viko nyumbani kwao. Aliyeweka jembe chini sikumfuata.

Jumatano, 22 Januari

Ezekieli amesikiliza dakika moja hivi. Amesema nyimbo si data.

Amesema mfumo unataka jibu moja kati ya matatu, nichague, tumalizane. Amesema kwa upole, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Si mtu mbaya. Anataka ramani yake ijae. Akanisogezea kiti.

Nikasema hapana.

Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. Nikasema hakuna hata mmoja kati ya hao kumi na mmoja aliyeridhika, kwa hiyo hakuna cha kuchagua. Nikasema fomu hii ni mbovu na ningetakiwa kusema hivyo siku ya semina. Nikasema pia ya kwangu: kuficha majina na kupiga picha ukuta lilikuwa kosa langu, lakini maneno sikutunga.

Fomu haiendi bila jibu. Basi kwenye kila moja nimebonyeza kwa kiasi, na kwenye kisanduku nimeandika kwamba jibu hilo si la mwenye nyumba, nimelazimika kubonyeza kwa sababu jibu lake halimo. Nikaambatanisha sauti. Chini nikaandika jina langu kamili na namba ya simu. Nikatuma zote kumi na moja pale pale mezani kwake, naye ananiangalia. Hakunizuia. Zilipokwisha kufika akanyoosha mkono. Nikampa kishikwambi, chaja, na kitambulisho.

Mkataba umeisha. Nimerudi chumbani kwangu kwa miguu. Nina hasira, nina hofu, na nina njaa.

Jumatatu, 3 Februari

Niko Migato kwa mama. Tunapalilia. Malengelenge yamekuwa sugu.

Mchana Mayu Kabula amepiga kwa simu ya jirani. Tukajuliana hali, mhola, mhola. Kumbe juzi walifika watu wawili na chupa ndogo ndogo, wakachota maji ya bomba, wakaziandika kwa kalamu ubavuni. Hawakuwa na kishikwambi. Walikuwa na daftari. Wakauliza mbele ya watu nani ana malalamiko kuhusu maji haya. Mwenyekiti alikuwa amesimama hapo hapo.

Hakukuwa na jembe, anasema, wala wimbo. Akasogea mbele akasema ni mimi Kabula, andika. Akawaambia kwa maneno ya kawaida. Alipomaliza, yule baba niliyempandishia sauti akasema na mimi niandike.

Sijui kama waliletwa na fomu zangu. Hakuna aliyeniambia, na sitapiga simu kuuliza. Hawakuahidi chochote. Walifunga chupa wakaondoka. Maji bado ni ya lamboni. Nimemuuliza kuhusu mbegu za msimu ujao, kama haogopi. Anaogopa, anasema. Akaniuliza pamba ya mama imefikia wapi.

Nikamwambia imeanza kutoa maua.