Maji ya Kule Ukutani

Ndhiwa,
17 Februari

Mpendwa Marion,

Pokea salamu za mjomba wako, mtu ambaye hapa Ndhiwa hata chifu haanzi baraza kabla hajafika. Natumai u mzima huko chuoni na hadubini yako inaona vizuri. Mama yako hajambo, ni ule mguu tu. Mimi ndiyo usiulize; juzi vijana wawili walishindwa na gunia la mahindi, nikaliinua kwa mkono mmoja.

Kazi uliyonipa imenipa jina. Tangu Machi natembea na chupa zako za kuchotea maji ya bwawa, watu wananiita Daktari wa Maji. Nawafundisha vile ulinifundisha: masika bwawa linakuwa rangi ya chai ya maziwa, vijimea vyako vinakosa jua, vinapungua. Tope likitulia mwezi wa saba vinakuja vile vya kufanana na vipande vya kioo. Halafu kiangazi, vya kijani, vyenye sumu. Milka, mjane wa Maroa, aliniuliza kama kweli kitu kisichoonekana kwa macho kinaweza kuua ng'ombe. Nilimcheka. Nikamwambia anyweshe bila wasiwasi, mpwa wangu amepima maji ya Desemba na ya Januari, yote safi, na mchotaji ni mimi mwenyewe.

Marion, ng'ombe wa Milka wamekufa. Wanne, Jumanne, siku moja. Walikunywa kule kwenye ukuta wa bwawa, ambako upepo ulikuwa umesukuma utando wa kijani, mzito kama rangi ya mlango. Hawakufika nyumbani. Daktari wa mifugo alikataza nyama isiliwe, kwa hivyo tulichimba, na watu wamesimama na visu vyao wakiangalia tu. Milka hakulia. Aliniuliza mbele ya wote, kwani Daktari, si ulisema?

Sasa nasikia Alhamisi unasomea watu wa kaunti ripoti, na ripoti inasema maji hayana neno. Usiisome, nyathina, mwanangu. Watu bado wanachota hapo ya kunywa, hata mama yako.

Uliniambia nichote kwenye kina, mbele ya ukuta. Mwaka mzima nilichota pale mto unapoingilia, maji yanafika magotini, na kila chupa nikaiandika UKUTANI. Nicanor mwenye mtumbwi alikuwa ananingojea kila mwezi. Nilimwambia nimeshaenda alfajiri na mtumbwi mwingine.

Chupa iliyokuja na barua hii ndiyo ya kwanza ya kweli. Nimeichota jana. Nicanor alipiga kasia, mimi nimefumba macho, kiunoni nimefungwa kamba nne za ng'ombe zilizounganishwa, na Milka amesimama juu ya ukuta ameshika ncha.

Wasalimie wenzako wote. Mama yako nitamwambia mwenyewe, niachie hilo. Na yule kiboko wa Kisegi, niliyekuwa nikiwaambia mkiwa wadogo kwamba nilimfukuza nikiogelea, hakuwepo. Mimi sijui kuogelea, Marion. Naogopa maji.

Ni mimi mjomba wako,
Chrispine